Dar es Salaam hadi Unguja kwa Ndege: Je, Dakika Ishirini ni Safari ya Kufupisha Swala?

  

Abiria wametoka Dar es Salaam asubuhi, wamefika Unguja, wakati wa Adhuhuri umeingia. Wanaingia msikitini. Mmoja anaswali rakaa mbili, anatoa salamu, anasimama tena na kuswali mbili za Alasiri. Mwenzake waliyekaa naye kiti kimoja anaswali nne, kisha anamgeukia: "Ndugu yangu, wewe umesafiri wapi? Dakika ishirini kwa ndege, saa mbili kwa boti, hiyo nayo ni safari?" Wa kwanza anajibu: "Nimevuka bahari, sheikh."

Wote wawili wametoa hoja isiyokuwa hoja. Dakika ishirini haziondoi hukumu ya safari, na kuvuka bahari hakuileti. Hili si jambo la kuliacha kwenye mabishano ya barazani, kwa sababu mwenye kufupisha pasipo haki amebakiwa na faradhi shingoni, na mwenye kula mchana wa Ramadhani kwa safari isiyokuwa safari amebeba mzigo mzito zaidi. Katika pwani yetu kuna maelfu wanaovuka mkondo huu kwa biashara, masomo, matibabu na kutazama wazee. Basi tulitazame suala hili kwa utaratibu.

Muda si kipimo

Tuanze na yule aliyehesabu dakika, maana hoja yake ndiyo inayopendeza masikioni. Anasema: ruhusa ya msafiri ilikuja kwa ajili ya taabu ya jangwa na ngamia, leo mtu anakaa kwenye kiti laini, anapewa maji, anashuka. Taabu imekwenda, na ruhusa iende.

Swali la namna hii si geni. Aya ya 101 ya Suratun-Nisaa imetaja kufupisha swala pamoja na kuwaogopa makafiri. Ya'la bin Umayya (R.A.) akamuuliza Umar bin Khattab (R.A.): mbona watu sasa wamekwishapata amani? Umar akamweleza kuwa yeye naye alilistaajabia jambo hilo hilo akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akambainishia kuwa hiyo ni sadaka aliyowapa Allah, basi waipokee sadaka yake. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Khofu iliondoka, na ruhusa ikabaki.

Wanavyuoni wa Usuli wamelieleza hili kwa kutenganisha hekima na sababu. Taabu ni hekima ya ruhusa, na safari ndiyo sababu yake. Hukumu hufungamanishwa na sababu, kwa kuwa ni kitu cha dhahiri kinachopimika, wala haifungamanishwi na taabu, kwa kuwa taabu hutofautiana baina ya mtu na mtu. Ndiyo maana mchukuzi anayebeba magunia bandarini kutwa nzima, jua la utosi, haruhusiwi kufupisha Adhuhuri akiwa mjini kwake, na tajiri anayesafirishwa kwa raha zote kutoka Mombasa hadi Nairobi anaruhusiwa.

Na katika madhehebu yetu ya Kishafi jambo hili limeandikwa wazi kabla ya mtu yeyote kuota ndege. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj, kitabu ambacho darsa za pwani zimekisoma kizazi baada ya kizazi, amesema kuwa bahari ni kama nchi kavu, na kwamba mtu akiyakata yale masafa baharini kwa saa moja tu, basi atafupisha. Na wafafanuzi wake wakafika hadi kusema hata kwa lahadha. Kwa hiyo anayeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, kilomita zipatazo 665 angani, ni msafiri kamili ingawa ndege haikai hewani hata saa moja na nusu. Vivyo hivyo anayekwenda Jeddah, zaidi ya kilomita 3,100 upande wa kaskazini karibu moja kwa moja. Huyu saa yake ya mkononi haihitaji hata kubadilishwa, kwani nchi mbili hizi zinatumia saa moja, lakini swala zake ni za msafiri bila shaka yoyote.

Basi aliyesema "dakika ishirini" amekosea njia. Ajabu ni kwamba, kwa upande wa Dar na Unguja, kwa madhehebu ya Shafi anaweza kuwa amefika mahali sahihi kwa njia hiyo isiyo sahihi.

Marhala mbili

Kila mwanafunzi aliyepitia Safinatun-Najaa anakumbuka kuwa sharti la kwanza la kufupisha ni safari iwe ya marhala mbili. Marhala ni mwendo wa siku moja wa ngamia waliobeba mizigo, pamoja na kushuka kwa desturi kwa ajili ya kula, kuswali na kupumzika. Asili ya kipimo, kwa hiyo, ilikuwa ni wakati! Lakini mafakihi hawakuuacha ukielea. Waliugeuza kuwa urefu wa ardhi, wakaufunga hapo, na tangu hapo anayeangaliwa ni umbali, si mnyama wala chombo.

Urefu wenyewe umetoka kwa Maswahaba. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Abdallah bin Umar na Abdallah bin Abbas (R.A.) walikuwa wakifupisha na kufungua katika safari ya burud nne, nazo ni farsakh kumi na sita. Farsakh moja ni maili tatu, ndipo tukapata maili 48 za Kihashimi. Wamalik na Wahanbali wako hapo hapo katika asili ya kipimo.

Taabu huanza tunapotaka kuzigeuza maili hizo kuwa kilomita, kwa sababu maili ilipimwa kwa dhiraa, na wanavyuoni wamehitilafiana maili moja ina dhiraa ngapi: wako waliosema 3,500, wako waliosema 4,000, na Imam Nawawi amesema 6,000. Mwenye kuchukua dhiraa 3,500 za sentimita 48 anapata maili ya mita 1,680, na maili 48 zinakuwa kilomita 80 na ushei. Akichukua dhiraa 6,000 za kiasi hicho hicho, zinapindukia kilomita 138. Katika vitabu vya zama zetu, Al-Fiqhul-Manhaji, ambacho ni cha Kishafi, kimetaja takriban kilomita 81. Sheikh Wahba Zuhayli (1932–2015) amefikia karibu 89. Wengine wamechukua maili ya Kiingereza ikawa 77. Msomaji asibabaishwe na wingi wa tarakimu hizi. Kwa suala letu linalotosha ni kujua kuwa iliyo ndogo kuliko zote kati ya hizi ni 77.

Hapa nitoe tahadhari moja kwa watu wa pwani, kwa sababu nimesikia ikikosewa. Maili ziko za aina nyingi. Maili ya barabara ya Kiingereza ni mita 1,609. Maili ya mabaharia ni mita 1,852. Maili ya Kihashimi ni kitu kingine, kama tulivyoona. Mtu akisikia nahodha anataja maili zake asizipachike moja kwa moja kwenye maili za Safina.

Dar es Salaam na Unguja ziko mbali kiasi gani?

Kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere na kile cha Abeid Amani Karume viko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini-kaskazini. Tofauti yao ni kama dakika 39 na nusu za latitudo (dakika za digrii, si za saa). Kila dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya mabaharia. Matokeo yake ni kilomita zipatazo 73, nazo ni maili 45 za Kiingereza. Ukipima kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe unapata karibu hayo hayo. Ramani yoyote ya shule yenye skeli itakupa jibu hili kwa rula.

Kilomita 73 hazifiki 77, sembuse 81 au 89.

Itasemwa: huo ni mstari ulionyooka, na chombo hakiendi kwa mstari. Hili ni neno la kweli, nalo lina uzito kifikihi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni njia inayopitwa. Boti hutoka kwenye mlango wa bandari, hukwepa miamba na visiwa, na njia yake lazima iwe ndefu kidogo kuliko mstari. Ndege nayo hupaa kwa uelekeo wa njia yake ya kurukia, kisha hugeuka. Lakini kuna upande wa pili wa mizani. Kipimo cha safari hakianzi mlangoni kwa mtu bali mwisho wa majengo ya mji wake, na Dar es Salaam ya leo imetanda. Abiria wa ndege anayeruka kutoka kiwanja kilicho ndani ya mji ana kilomita kadhaa za kutolewa kabla ya kuanza kuhesabiwa. Ama mizunguko ambayo rubani huifanya kusubiri zamu ya kutua, hiyo si njia iliyokusudiwa, na mwandishi wa mistari hii haoni kuwa inaongeza kitu.

Je, upungufu mdogo hausameheki? Wahanbali wanasema maili 48 ni makadirio, na kupungua kidogo hakudhuru. Kwetu Washafi kauli iliyo sahihi zaidi, kama alivyoitaja Nawawi, ni kuwa ni mpaka kamili. Na mwenye shaka kama masafa yametimia, baada ya kujitahidi kukadiria, hubaki kwenye asili, na asili ni kutimiza. Zaidi ya hayo, hata safari iliyotimia marhala mbili lakini haijafika tatu, kwetu bora ni kutimiza, ili kutoka katika khilafu ya Imam Abu Hanifa aliyeshurutisha mwendo wa siku tatu. Ikiwa hayo ndiyo yaliyosemwa kwa safari iliyotimia, vipi kwa hii ambayo inapungua?

Kwa hiyo, kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao huu, anayetoka Dar es Salaam kwenda Mjini Unguja na kuishia hapo haonekani kuwa ni msafiri wa kufupisha, aende kwa ndege, boti au jahazi. Babu zetu waliovuka kutoka Bagamoyo, ambayo kwa mstari iko kama kilomita 44 tu kutoka Mji Mkongwe, hali yao ilikuwa wazi zaidi. Tena wao walitegemea upepo, na upepo ukigoma mtu hulala baharini, lakini taabu hiyo haikuwafanya kuwa wasafiri wa marhala mbili.

Wenzetu wenye kauli nyingine

Lisidhaniwe kuwa yule aliyeswali mbili amefanya jambo lisilo na mwenyewe. Katika Unguja ya Masayyid wa Kibusaidi walikuwepo makadhi wa Kishafi na wa Kiibadhi katika mji mmoja, na kwa Maibadhi mpaka wa safari ni farsakh mbili, takriban kilomita 12, na kufupisha ni wajibu kwa msafiri. Kwa kipimo hicho anayetoka Dar es Salaam amekuwa msafiri zamani kabla ya kukiona kisiwa. Naye Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) ameona kuwa sharia haikuweka mpaka wa maili, na kwamba kila kinachoitwa safari katika ada ya watu ni safari. Kauli hii imeenea sana miongoni mwa vijana waliosoma Bara Arabu. Wenye kuona masafa mafupi hutaja pia hadithi ya Anas (R.A.) kwa Imam Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipotoka mwendo wa maili tatu au farsakh tatu aliswali rakaa mbili. Jamhuri ya wanavyuoni wameifasiri kuwa ni mahali alipoanzia kufupisha katika safari ndefu, kama alivyoswali Alasiri rakaa mbili Dhul-Hulayfa akielekea Makka, hali Adhuhuri aliiswali nne Madina.

Mimi naona kauli ya ada, pamoja na utukufu wa aliyeisema, inatutia tabuni hapa kuliko mahali pengine. Muulize mwanafunzi anayebeba begi la mwezi mzima, atakwambia anasafiri. Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda asubuhi na kurudi jioni, atakwambia "nafika Unguja mara moja". Ada ya nani ichukuliwe? Lakini sioni ruhusa ya kumwambia mwenye kufuata kauli hiyo kuwa hana swala.

Maimamu wa misikiti iliyo karibu na bandari wana haja ya kulijua hili zaidi. Mgeni akitangulizwa mbele, akaswali mbili kwa itikadi yake, Mshafi aliye nyuma yake afanye nini? Mafakihi wa Kishafi wametaja mfano unaofanana, wa Mshafi kumfuata Mhanafi anayefupisha mahali ambapo Mshafi haoni kuwa panafaa kufupishwa. Wakasema ni makuruhu kumfuata, lakini akimfuata, imamu akitoa salamu yeye atasimama na kutimiza nne zake. Hakuna haja ya kuvunja safu wala kupandisha sauti. Lililo jema zaidi ni imamu mgeni atangaze mapema kuwa yeye ni msafiri. Na kinyume chake, anayejiona msafiri akiswali nyuma ya mkaazi anayetimiza, ni lazima naye atimize, hata kama alimdiriki kwa sehemu ndogo tu ya swala.

Mifano inayoulizwa

Anayetoka Dar es Salaam akikusudia Nungwi, si Mjini, hukumu yake inageuka. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni zaidi ya kilomita 50 za barabara, na jumla yake na zile za baharini inapindukia 120. Huyu ni msafiri tangu chombo kilipoachana na mji wake, na akipita Mjini Unguja anafupisha, ilhali mwenzake aliyekuja naye na anayeishia Darajani hafupishi.

Makunduchi ni mfano wa ajabu kidogo. Ukiitazama ramani, iko kusini-mashariki ya kisiwa na kwa mstari iko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko ulivyo Mji Mkongwe. Lakini abiria wa kawaida hashukii huko. Hushukia Mjini kisha akarudi kusini kwa gari, na kwa njia hiyo masafa yanatimia. Hakuchagua njia ndefu kwa hila ya kupunguza rakaa, bali ndiyo njia ya vyombo. Angekuwa na njia mbili, fupi na ndefu, akachagua ndefu kwa ajili ya kufupisha tu, basi kwa kauli yenye nguvu asingefupisha. Akiichagua kwa usalama au wepesi, hapana neno.

Anayekwenda Pemba kutoka Dar es Salaam ni msafiri, hata akibadilisha chombo Unguja. Unguja na Pemba zenyewe, kiwanja kwa kiwanja, zimetengana kwa kilomita zipatazo 125. Ama aliyekuja Unguja kwa nia ya kuishia hapo, kisha akiwa hapo akapata habari za msiba Pemba akaazimu kwenda, huyo hazihesabu zile 73 za mwanzo. Safari yake inaanza upya anapotoka Unguja, na inatosha. Na wa Morogoro anayepitia Dar es Salaam ni msafiri moja kwa moja, isipokuwa ikiwa Dar es Salaam nayo ni makazi yake. Akiingia kwake safari imekatika, na iliyobaki inapimwa peke yake. Wote hawa, wakinuia kukaa siku nne kamili bila siku ya kuingia na ya kutoka, wanatimiza kama wakaazi tangu wanapofika.

Kuhusu saumu, kuna sharti la ziada ambalo wengi hulisahau. Hata katika safari iliyotimia masafa, kwetu Washafi aliyepambazukiwa akiwa mjini kwake amefunga, kisha akaondoka mchana, haruhusiwi kufungua siku hiyo kwa sababu ya safari. Ni lazima awe ameuacha mji kabla ya alfajiri. Anayepanda boti ya asubuhi tayari amepambazukiwa nyumbani. Kwa hiyo, kwa anayeifuata fatwa ya Kishafi, suala la kufungua katika mkondo wa Dar na Unguja linafungwa kwa milango miwili.

Limebaki swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: na aliyekwishafupisha miaka yote hii? Ikiwa alifupisha kwa kumfuata mwanachuoni au madhehebu yenye kuona safari hiyo inatosha, swala zake zimepita na hatakiwi kuzirudia. Ikiwa alifupisha hivi hivi tu, kwa kuona wenzake wanafupisha, basi asili katika madhehebu ni kuzilipa kadiri anavyozikumbuka, azikadirie mpaka nafsi iridhike, na alipe kidogo kidogo kila siku baada ya faradhi yake. Wako wanavyuoni wa Kishafi wa zama za baadaye walioruhusu kufuata kauli ya imamu mwingine hata baada ya kitendo kwisha, kwa masharti yake, na mwenye mzigo mkubwa aende kwa mwanachuoni anayemwamini amweleze hali yake ilivyo, bila ya kuficha idadi.

Wallahu a'lam.